DEKI YA BEI NAFUU KWENYE TELEVISHENI MPYA



 

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini madrasa bado inatumia deki ya DVD wakati simu zimejaa majumbani. Jibu letu ni hili: masomo ya tajwid ya marehemu mwalimu wetu, Allah amrehemu, yamo kwenye DVD na hayapo mahali pengine popote. Alirekodiwa akionyesha makharij, herufi moja baada ya nyingine, kamera ikiwa karibu na mdomo wake. Mwanafunzi huona ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya juu kwenye thaa na dhaal, huona midomo miwili ikikutana kwenye baa na miim, na huona meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwenye faa. Mambo hayo sauti peke yake haitoshi kumfundisha mtoto.

Televisheni yetu ya chogo ilipokufa, mzazi mmoja alitutolea televisheni bapa ya inchi 43. Allah amlipe kheri. Lakini deki ya zamani ilipounganishwa nayo, picha ilikuwa na ukungu na uso wa mwalimu umepanuka. Wapo waliosema DVD zimechakaa, zitupwe. Wengine wakapendekeza mchango uongezwe, tununue mashine ya bei kubwa. Sisi walimu tunawajua watoto wetu. Wapo mayatima, na wapo ambao ada ya mwezi tu huwapa wazazi wao tabu. Ndipo tukaomba tujaribu kwanza deki ya bei nafuu yenye tundu la HDMI, ile inayosemwa kuwa hukuza picha.

Tuelezane kwanza maana ya kukuza picha. DVD zilianza kuuzwa nchini Japani mwezi Novemba 1996, wakati televisheni za majumbani zilikuwa za chogo. Picha ya DVD kwa mfumo wa PAL, unaotumika kwetu Afrika Mashariki, ina nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwa urefu, yaani nukta 414,720. Televisheni ya Full HD ina 1,920 kwa 1,080, yaani nukta 2,073,600. Gawanyeni wenyewe, mtaona ni mara 5 kamili. Kwa hiyo, kwa kila nukta moja iliyomo kwenye DVD, nne nyingine lazima zitengenezwe. Deki huzikisia kwa kutazama nukta za jirani. Televisheni yenyewe pia ina uwezo huo. Isingekuwa hivyo, picha ingekaa katikati ya kioo kama stempu kwenye bahasha.

Muuzaji mmoja alituambia kwamba deki hiyo "inaigeuza DVD kuwa HD". Maneno hayo si kweli, na Muislamu anayefanya biashara hapaswi kuyasema. Chukueni mfano wa ukurasa wa juzuu uliofifia. Ukiukuza kwenye mashine ya fotokopi, herufi zitakuwa kubwa na zitasomeka kwa mbali. Lakini kama nukta ya baa imefutika, fotokopi hairudishi nukta hiyo. Na deki ni vivyo hivyo: husafisha na kukuza kilichomo, wala haileti ambacho kamera haikukichukua.

Hata hivyo tofauti tuliiona, Alhamdulillah. Haya ndiyo tuliyojifunza, yawafae na nyumbani.

Kwanza, waya. Ule waya wa njano hubeba rangi na mwanga vikiwa vimechanganywa pamoja, na hapo ndipo ukungu mwingi unapotokea. Waya wa HDMI, ambao toleo lake la kwanza lilitoka Desemba 2002, hupeleka picha na sauti kwa pamoja bila mchanganyiko huo. Baada ya kuuchomeka, ingia kwenye mipangilio ya deki uchague 1080. Kisha jaribu na 576, ili televisheni ifanye kazi ya kukuza. Bakini na ile inayopendeza macho yenu.

Pili, umbo la picha. Rekodi nyingi za zamani ni za 4 kwa 3, na televisheni mpya ni 16 kwa 9. Ukilazimisha picha ijaze kioo, mdomo wa mwalimu unapanuka na mtoto anaiga umbo lisilokuwa lake. Chagueni 4:3, na weusi wa pembeni msiuchukie.

Tatu, punguzeni ukali wa picha. Ukiongezwa sana huchora mistari myeupe kandokando ya midomo.

Nne, sauti. Televisheni huchukua muda kidogo kuitengeneza picha. Spika zikiunganishwa moja kwa moja kwenye deki, sauti hutangulia. Msichana mmoja wa darasa la tatu ndiye aliyetuambia, "Ustadh, baa inasikika kabla midomo haijafunga." Maashaallah, macho ya mtoto! Tulipoitoa sauti kwenye televisheni na kuipeleka kwenye spika, viwili hivyo vikaenda pamoja.

Sasa wanafunzi wa safu ya mbele wanaiona ncha ya ulimi. Wa safu ya nyuma bado hawaioni vizuri, na hata mashine ghali isingewaonyesha, kwani kasoro hiyo imo kwenye rekodi yenyewe. Hao tunawasogeza mbele kwa zamu.

Limebaki jambo moja zito. DVD zilizorekodiwa majumbani huharibika kwa jua, joto na mikwaruzo, na mwalimu hatarudi kurekodi tena. Ishikeni DVD kwa ukingo, mkiifuta anzeni katikati kwenda nje, na msiiache dirishani. DVD ya kawaida huchukua GB 4.7, basi flashi moja ya GB 16 inatosha DVD tatu. Mzazi mwenye kompyuta yenye sehemu ya kuingizia DVD atusaidie kunakili, na nakala zikae katika nyumba zaidi ya moja. Elimu aliyotuachia ni amana mikononi mwetu, na kila mtoto anayeitamka herufi sawasawa kwa sababu yake, tunataraji thawabu zinamfikia kaburini.

Tunamuomba Allah amrehemu, na atuwezeshe kukitunza alichotuachia. Aamiin.