Chanonry: Rasi ya Pomboo na Kanisa la Mawe Mekundu

Rasi ya Chanonry, kaskazini mwa Uskoti, ni ulimi wa mchanga na kokoto uliochomoza katika Ghuba ya Moray na kuibana bahari kwenye mlango usiofika maili moja. Samoni wanaorudi kuzaa katika mito ya Ness na Beauly hawana njia nyingine, na pomboo wanalijua hilo. Maji yakianza kujaa, hasa siku za bamvua, mkondo huwa mkali, nao huwinda karibu kabisa na ufuko. Aliyesimama kwenye kokoto huwasikia wakipumua. Ni wakubwa kuliko jamaa zao wa bahari za joto, kwa kuwa baridi ya huku imewavika mafuta mazito. Kuwaona hakuhitaji mashua wala tiketi.

Nyuma ya ufuko upo mnara mweupe wa taa uliowashwa mwaka 1846. Aliyeusanifu ni Alan Stevenson, ami yake Robert Louis Stevenson, yule ambaye hadithi yake wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Ng'ambo ya mlango huo inaonekana ngome ya Fort George, iliyoanza kujengwa mwaka 1748, miaka miwili baada ya vita vya Culloden, ili Waskoti wa milimani wasithubutu tena kuasi.

Lakini msafiri asiishie ufukweni. Mjini Fortrose, mwendo wa miguu kutoka hapo, yamo mabaki ya kanisa kuu la maaskofu wa Ross, lililoanzishwa karne ya 13 kwa mawe mekundu. Baada ya Matengenezo ya Kanisa risasi ya paa lake iling'olewa, na wenyeji husimulia kuwa askari wa Cromwell walibeba mawe yake kwenda kujengea ngome Inverness. Leo ubavu wa kusini ndio uliobaki, pamoja na jengo walimokutania makasisi, na kwangu mimi ubavu huo peke yake watosha kumleta mtu mpaka hapa.

Humo lipo kaburi linaloaminika kuwa la Euphemia, mtawala wa Ross kwa haki yake mwenyewe. Aliolewa na Alexander Stewart, mwana wa mfalme, aliyeitwa Mbwa Mwitu wa Badenoch. Mume alizishika ardhi zake, kisha akamtelekeza na kuishi na mwanamke mwingine. Mwaka 1389 maaskofu wa Moray na Ross walimwamuru arudi kwa mkewe. Hakurudi. Mwaka uliofuata, akiwa na ugomvi na askofu wa Moray, aliliteketeza kanisa kuu la Elgin. Euphemia hakunyamaza: mwaka 1392 ndoa ilibatilishwa, na ardhi ya Ross ikarudi mikononi mwake. Ubavu huu, kwa imani ya wengi, ndiye aliyeujenga. Nguzo zake bado zimesimama wima, na uwanja wake hauna kiingilio.