Metali Tuliyoihukumu Kabla ya Kuisikia



Huku kwetu Bulyanhulu ukitaja metali, watu wanafikiria dhahabu, au shaba na fedha zinazotoka pamoja nayo. Mgodi unazalisha tangu 2001, na vijana wengi wa vigango vyetu hushuka chini ya ardhi kwa zamu. Mmoja wao, fundi mitambo na mwimbaji wa besi, ndiye sababu ya sisi kuandika haya.

Likizo iliyopita viongozi wa kwaya walituuliza sisi mafrateri watatu: huyu kijana anasikiliza makelele ya magitaa kwenye simu, je, si muziki wa shetani? Tukajibu ndiyo. Hatukuwa tumesikia hata wimbo mmoja. Jumapili iliyofuata hakuonekana kwenye besi.

Tukamfuata nyumbani kwake Kakola. Hakutugombeza. Alitukaribisha chai, akatoa simu. "Mafrateri, chini kule kuna kelele kutwa nzima. Nikitoka nataka kelele yenye mpangilio. Sikilizeni kwanza."

Tukasikiliza mpaka jioni. Helloween, Wajerumani wa Hamburg, walitushangaza kwa furaha yao. Wanaita pawa metali: gitaa zinakimbia, mwimbaji anapanda juu mahali ambapo tenori wetu wangeomba maji, na kiitikio kinapokelewa na wote kama Gloria ya Pasaka. Tulitafuta mafuvu, tukakuta wanachora maboga! Blind Guardian nao, mwaka 1998, walitoa albamu nzima kutokana na kitabu cha Tolkien, Mkatoliki mwenzetu, juu ya kiburi na anguko. Hiyo tuliirudia mara mbili.

Dream Theater wa Marekani hupiga progresivu metali, na mapigo hubadilika kila unapodhani umeyashika. Tulijaribu kuyafuata kwa kugonga meza, tukapotea. Aibu kwa watoto wa Kisukuma tuliokulia kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu. Kwa maoni yetu nyimbo zao ni ndefu mno, na gitaa linajionyesha. Tena albamu yao ya 1999 inasimulia mtu anayegundua kwamba aliwahi kuishi katika mwili mwingine. Hapo tukamtajia Waebrania 9:27.

Akacheka. "Najua, Frateri. Nasikiliza hadithi, siungami imani yao."

Kwa Powerwolf tuligawanyika. Hao hupaka nyuso rangi, hupanga jukwaa kama kanisa, huchanganya Kilatini na hadithi za mbwamwitu. Wawili wetu tulisema ni maigizo tu. Wa tatu alisema vitu vya altareni si mavazi ya jukwaani. Bado tunabishana, ingawa kadiri siku zinavyopita tunaona ana hoja.

Kisha kijana akatuonyesha Bruda Cesare Bonizzi, Mkapuchini wa Italia aliyewahi kuwa mmisionari Kodivaa. Mwaka 2008, mzee mwenye ndevu nyeupe na kanzu yake ya kitawa, aliimba na bendi ya Fratello Metallo kwenye tamasha la Gods of Metal. Mwaka uliofuata aliacha. Tulinyamaza. Ngoma zetu wenyewe ziliwahi kuhesabiwa za kipagani, mpaka Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika alipozipa nafasi pale Bujora kwenye sherehe ya Ekaristi Takatifu. Hilo tulilijua kabla hatujaulizwa, na bado tulijibu vile.

Tuliwarudia viongozi wa kwaya tukakiri kwamba tulikosea. Walitusikiliza, mmoja akiguna. Kijana naye alisema atafikiria, zamu ikibadilika. Tulipoondoka kurudi seminarini alikuwa zamu ya usiku, na daftari lake la nyimbo lilikuwa bado kwa mwalimu wa kwaya.