Kioo Alichotuachia Kaka

Wengi wetu tukisikia dirisha la vioo vya rangi huwaza kanisa. Hutujia akilini yale madirisha ya kanisa kuu la All Saints jijini Nairobi, jua likipenya na kumwaga nyekundu na buluu juu ya waumini. Ni wachache wanaodhani kwamba kitu kama hicho kinaweza kukaa sebuleni, katika nyumba ya matofali ya kuchoma upande wa Kibwezi, Makueni, mahali ambapo nguzo za stima hazijafika. Kwetu kipo, msomaji, na kwa karibu mwaka mzima kilitutenganisha sisi wa tumbo moja.

Kilitengenezwa na marehemu kaka yangu, aliyejifunza kazi hiyo katika karakana moja nje ya Nairobi. Sanaa yenyewe imejulikana sana nchini kupitia kwa Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani aliyeweka makao Kitengela na kugeuza vioo vilivyotupwa kuwa mapambo. Fundi hukata vipande vya rangi, huvipachika katika tepe za madini ya risasi zenye mfereji kila upande, kisha hulehemu viungo. Kaka alichora mbuyu, Mto Athi na jua la magharibi. Buluu kama ile ya mto hutokana na kobalti, madini yale yale yanayochimbwa kwa wingi Kongo.

Kaka aliaga dunia kabla hajapata mnunuzi. Mama alikifunga kioo kwa blanketi, akakisimamisha nyuma ya kabati. Naam, alikisimamisha, hakukilaza. Kioo cha namna hiyo kikilazwa na kubebwa kama sinia, risasi hupinda kwa uzito na vipande hupasuka. Nani aliyemfundisha mama jambo hilo kama si mwanawe?

Miaka mitatu baadaye alisema anataka kukiona kikiwaka. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Dada yangu, aliyeolewa Kitui mjini na ambaye ana stima usiku na mchana, alitaka akichukue, kwa kuwa huku kwetu kingekaa gizani. Baba mdogo naye alikuja na bakora yake akaketi.

"Shemeji," alimwambia mama, "utawasha kilio kila jioni? Watoto wa nyumba hii watakula vipi?"

Mama alimjibu taratibu, "Kilio nimekilala nacho miaka mitatu, kimewekwa nyuma ya kabati. Sasa nataka nikitazame usoni."

Fundi seremala alishauri kiwekwe dirishani, jua lifanye kazi bure. Ni shauri zuri kwa mtu anayeshinda nyumbani. Lakini kioo cha rangi humwonyesha uzuri wake yule aliye upande wenye giza. Mchana anayefaidi ni aliye ndani. Usiku, taa ikiwashwa sebuleni, anayefaidi ni mpita njia, na mwenye nyumba huona weusi mtupu. Mama huenda shambani alfajiri na kurudi jua likizama. Dirisha hilo lingewaangazia viti vitupu.

Basi likatengenezwa sanduku la mbao, kina chake kiasi cha sentimita 15, likapakwa rangi nyeupe ndani. Utepe wa taa za LED ulizungushwa kwenye kingo, taa zikielekea ubao wa nyuma wala si kioo, ili mwanga ugonge weupe na kurudi ukiwa umeenea. Balbu moja ikiwekwa katikati huacha doa kali kama jicho la paka, na pembe zote hubaki gizani. Kati ya taa na kioo tuliweka karatasi ya plastiki yenye weupe wa maziwa. Juu yalitobolewa matundu ya kutoa joto, na ubao wa nyuma ukafungwa kwa skrubu ili taa ikifa ibadilishwe. Sanduku halining'inii, limekaa juu ya rafu nene, kwa sababu kioo cha futi tatu kwa mbili pamoja na risasi yake hukaribia kilo kumi.

Kuhusu rangi ya taa, mama mwenyewe ndiye aliyekuwa hakimu. Fundi alileta tepe mbili. Ile ya mwanga wa manjano ilimpendeza mbuyu na jua, lakini mto uligeuka kijivu. Alipowasha nyeupe, Athi ulijaa maji. Mama alisema, "Hapo," akatoka nje kwa muda.

Wenye watoto wajue kwamba risasi ni sumu. Kioo hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, kamwe si kwa siki, maana siki huila risasi. Mikono huoshwa baadaye, na mtoto hana ruhusa ya kukigusa.

Kwangu mimi, ugumu mkubwa zaidi ulikuwa betri. Sola ya mama ni ndogo, ya taa nne na redio, na wajukuu wawili husomea papo hapo. Mita tatu za tepe ile hula karibu wati 15. Zikiwaka saa nne ni wati-saa 60, na fundi wa sola alisema wazi kwamba vitabu vingefungwa mapema. Niliogopa kumwambia mama, kwani ni vigumu kumtaka mzazi achague kati ya aliyekufa na wanaosoma. Alipoambiwa hakufikiri sana. Kioo kiwake nusu saa tu, baada ya chakula, kisha mjukuu mkubwa akizime na kufungua daftari. Nusu saa hainyimi betri kitu.

Baba mdogo sasa hupita jioni akidai amekuja kusikiliza redio. Dada ametuma kutoka Kitui nusu ya bei ya paneli kubwa zaidi; mimi natafuta nusu iliyobaki.