Tairi la Nyuma na Barabara ya Cyangugu

Atokaye Kigali kwenda Cyangugu, ambayo tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 ni Wilaya ya Rusizi, husafiri mwendo mrefu, na sehemu ngumu kuliko zote huikuta karibu na mwisho. Akishayaacha mashamba ya chai ya Kitabi huingia katika msitu wa Nyungwe, wenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000, ambao mwaka 2023 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Barabara humo ni ya lami, lakini ni taabu kupata kipande kirefu kilichonyooka. Hupinda, hupanda, huteremka na kupinda tena, na mvua hunyesha hata siku ambazo Huye kuna jua kali. Juu ya mgongo wa milima hiyo ndipo maji yagawanyikapo: yanayoteremkia mashariki huenda Nile, na yanayoteremkia magharibi huenda Kongo. Kisha msafiri hutokea Gisakura, akaiona chai tena, na mara Ziwa Kivu hujifunua chini yake, katika kimo cha mita 1,460.

Mji wa Kamembe umekaa juu ya kilima, na Bukavu inaonekana ng'ambo, ambako Mto Rusizi hutoka ziwani kwenda Tanganyika. Lakini kuteremka hakujaisha. Upande wa kusini barabara hushuka tena hadi bonde la Bugarama, penye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji, karibu na ardhi iliyo chini kuliko zote nchini, kiasi cha mita 950 tu. Kwa hiyo mkazi wa Rusizi mwenye gari hana safari ya tambarare ila akiwa bondeni, na gari lake, hasa likiwa la zamani, hupata mafunzo ya kijeshi kila siku.

Gari la zamani linalojulikana sana huku ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Hupakiwa watu watano, magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, na pengine mifuko ya saruji, kila mmoja kilo 50. Nimekaa hapa kikazi kwa muda wa kutosha kuliona jambo moja likijirudia katika magereji ya Kamembe, ambamo Kiswahili kilizungumzwa kwa sababu ya ujirani na Bukavu miaka mingi kabla hakijawa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Gari huletwa tairi la nyuma limekwisha upande wa ndani hadi nyuzi zimetokea, ilhali upande wa nje kashata bado ni nzima. Mwenye gari hulaumu tairi, akanunua jingine. Baada ya miezi michache amerudi.

Jirani yangu mmoja, sajini wa polisi mwenye watoto wanne, alikwisha kununua matairi mawili ya nyuma mara mbili kabla mwaka haujatimia. Fedha hizo, aliniambia mkewe kwa uchungu, zilikuwa za karo. Mara ya tatu walikwenda kwa fundi mmoja mzee, ambaye hakutoa spana yoyote kwanza. Alizunguka gari, akachuchumaa, akasema: "Afande, tairi hili halina kosa. Linaadhibiwa kwa kosa la mwingine."

Maneno hayo yana maana yake. Katika Corolla hizo injini huvuta magurudumu ya mbele, na hayo hayo ya mbele ndiyo yanayopinda kona na kubeba sehemu kubwa ya breki wakati wa kuteremka. Ya nyuma hufuata tu, kama mkokoteni. Kwa haki, basi, yangepaswa kudumu kuliko ya mbele, hata katika Nyungwe. Yakitangulia kuisha, kuna kitu kinachoyala, na namna ya kulika kwake hukitaja kitu hicho.

Tairi lililolika kingo zote mbili katikati pakabaki hutembea na upepo mdogo. Lililolika katikati peke yake limejazwa kupita kiasi. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa kupiga teke. Penye vishimo vishimo kuzunguka tairi, kama njia ya kuku, mtuhumiwa ni shokamzoba iliyokufa, beringi iliyolegea au gurudumu lisilosawazishwa uzito. Lakini likilika upande mmoja, kisha ukipitisha kiganja juu ya kashata ukaona laini kwa kwenda na makali kama msumeno kwa kurudi, basi gurudumu halitazami mbele sawasawa.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa la sajini. Fundi alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akalegeza breki ya mkono, akainua nyuma na kuliweka gari juu ya stendi imara, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayeingia chini. Alishika gurudumu juu na chini akalitikisa: beringi nzima. Aliposhika mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu, bushi zake za mpira zilikuwa zimepasuka, na springi zilikwisha kulala kwa mizigo. Springi ikilala, gurudumu la nyuma la gari hili huinamisha kichwa ndani, na ukingo wa ndani ndio ubebao uzito. Bushi ikichakaa, gurudumu hutazama nje kidogo bila dereva kuhisi lolote katika usukani.

Kidogo hicho si kidogo. Gurudumu lenye kipenyo cha karibu milimita 600 likipotoka kwa milimita 3 tu kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, huburuzwa ubavu kiasi cha mita 5 katika kila kilomita. Kwa safari moja ya Kigali ni zaidi ya kilomita nzima ya kusuguliwa juu ya lami.

Sajini alibadilishiwa bushi na springi, kisha magurudumu ya nyuma yakanyooshwa. Corolla za wakati huo zina boliti ya kurekebisha mkao wa nyuma, ingawa kwa kutu aghalabu hukataa kugeuka. Zile za kuanzia mwaka 2000 hazina. Zina boriti moja ya chuma inayounganisha magurudumu, na ikipinda hubadilishwa. Wenye Hilux na Land Cruiser za springi za mabamba wasidhani hayahusu. Boliti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli nzima husogea na gari likatembea upande upande kama kaa. Kamba hutosha kuligundua: pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kulia na kushoto, ukaone kama urefu ni mmoja.

Ubaya wa ukingo wa ndani ni kwamba hauonekani mtu akisimama kando ya gari. Inambidi apige magoti, au apeleke mkono nyuma ya tairi. Askari wa barabarani anayekagua kwa macho akiwa amesimama anaweza kupitisha kipara bila kujua. Nchi nyingi zimeweka kina cha milimita 1.6 kuwa mwisho wa tairi, na kina hicho hupimwa palipolika zaidi, si palipo pazuri.

Na anayemudu matairi mawili mapya tu ayafunge nyuma, hata kama gari huvutwa kwa mbele. Tairi la mbele likiteleza katika mvua ya Nyungwe, dereva huhisi usukani ukiwa mwepesi akapunguza mwendo. La nyuma likiteleza halimpi habari yoyote. Mkia wa gari huzunguka kwanza, na upande wa pili wa kona ni bonde.