Chokaa Kwanza, Miwa Baadaye

Katika vilima vyetu vya Luofu hakuna mtoto asiyejua utamu wa muwa. Twaupanda mabondeni na kwenye miteremko, twautafuna, twaukata vipande na kuupeleka sokoni. Fedha zake hununua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Hatuna kiwanda cha sukari wala mashamba makubwa ya makampuni. Muwa wetu ni muwa wa jamaa. Basi ukidumaa, ni nyumba inayoumia.

Siku hizi malalamiko ni mengi. Huyu asema, "Shamba limechoka." Yule asema, "Baba alipolima hapa, miwa ilikuwa mirefu kuliko nyumba. Leo yatufikia mabegani." Wengine huliacha shamba wakaenda kukata msitu wapate ardhi mpya. Wengine huliuza kwa bei ya kutupa. Na wengine, tusifiche, hutafuta mchawi.

Mwaka mmoja tuliitwa katika baraza ya ukoo. Ndugu wawili walikuwa wamepanda mbegu moja ya miwa, siku zile zile. Miwa ya mkubwa ilisimama minene. Ya mdogo ilikaa mifupi, majani yamepauka, machipukizi haba. Mdogo akashika neno moja tu: mke wa kaka yake ameliroga shamba. Mama yule alikuwa amekwisha kutengwa; hata njiani ya kuteka maji watu hawakumsalimu.

Tuliomba kitu kimoja, nacho ni jembe. Tukachimba shina moja huku na shina moja kule. Mizizi ya shamba la mkubwa ilikuwa mirefu, myembamba, imeshuka chini. Mizizi ya shamba la mdogo ilikuwa mifupi na minene, ncha zake zimekuwa kahawia kana kwamba zimeunguzwa. Hapo mzee mmoja akakumbuka: shamba la mkubwa lilikuwa zamani kiwanja cha nyumba ya babu yao, na majivu ya jiko yalimwagwa pale miaka mingi. La mdogo lililimwa tangu zamani pasipo kurudishiwa kitu. Udongo ulipopimwa, wa mkubwa ulikuwa karibu 6, wa mdogo chini ya 5. Mchawi hakuonekana. Ulionekana uchachu wa udongo.

Namba hizo maana yake nini? Wataalamu hupima uchachu kwa namba toka 0 hadi 14. Saba ni katikati. Kadiri namba inavyoshuka chini ya 7, ndivyo uchachu unavyozidi. Na kila namba moja ni mara 10. Udongo wa 5 ni mchachu mara 10 kupita udongo wa 6. Muwa hupenda hasa udongo wa 5 na nusu hadi 6 na nusu. Kweli, muwa ni mvumilivu kuliko maharage. Waweza kuishi hata chini ya hapo. Lakini kuishi si kustawi.

Je, uchachu watoka wapi? Kwanza ni mvua. Katika milima yenye mvua nyingi kama yetu, maji hushuka mwaka hata mwaka yakichukua kalsiamu na manyeziamu, yaani vile vitu vinavyoutuliza udongo. Pili ni mavuno yenyewe. Kila mzigo wa miwa unaokwenda sokoni wachukua sehemu ya vitu hivyo, wala haurudi. Tatu ni baadhi ya mbolea za dukani. Kilo 100 za salfati ya amonia huacha uchachu ambao kuutuliza kwahitaji kama kilo 110 za chokaa ya mawe. Hatusemi mbolea hiyo ni mbaya. Twasema ina deni, na deni hulipwa.

Udongo ukishakuwa mchachu sana, madini ya aluminio yaliyomo huanza kuyeyuka. Ni aluminio ile ile ya sufuria zetu. Ikiwa imefungwa ndani ya udongo haidhuru mmea; ikiyeyuka huunguza ncha za mizizi. Mzizi ulioungua haushuki, hivyo muwa waona kiu hata mvua ikiwa haijakaa mbali. Tena fosfori hushikwa isipatikane. Hapo mtu atatia mbolea na kutia tena, asione faida. Mlango umefungwa, naye aongeza wageni nje.

Dalili zipo. Maharage yaliyopandwa kati ya miwa michanga hutangulia kudumaa. Huyo ndiye mjumbe wa kwanza. Lile gugu lenye majani kama manyoya ya ndege, ambalo machipukizi yake hujikunja ncha, likitawala mlima, lafaa litutie shaka. Lakini dalili si kipimo. Majani hupauka kwa njaa ya naitrojeni pia, na kwa magonjwa, na kwa maji yaliyosimama. Kwa hiyo chukua udongo mahali kumi au zaidi pa shamba moja, kina cha kiganja na vidole, uuchanganye katika ndoo safi, ukauke kivulini, kisha upeleke konzi moja au mbili upimwe. Huko Butembo, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina kitivo cha kilimo. Wenye elimu hiyo waulizwe.

Sasa twafika kwenye neno letu kubwa. Maharage hupandwa kila msimu. Ukikosa leo kutia chokaa, utatia msimu ujao. Muwa sivyo. Ukishapandwa, shina hukatwa na kuchipua tena, mara tatu, mara nne au zaidi, bila ardhi kulimwa upya. Na chokaa ni nzito wa miguu: haitembei. Ukiinyunyiza juu, hukaa juu miaka mingi, na mizizi ya chini yabaki katika uchachu wake. Kumbe siku ya kuichanganya na udongo wa ndani ni moja tu, yaani kabla ya kupanda. Mwenye kuipitisha siku hiyo atangoja hata shamba ling'olewe. Ndiyo maana twasema: chokaa kwanza, miwa baadaye.

Kazi yenyewe ni hii. Nyunyiza chokaa iliyosagwa laini kama unga, sawasawa shamba zima, siku isiyo na upepo. Ilime pamoja na udongo hata kina cha sentimeta 15 au 20. Fanya hivyo mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, maana pasipo maji chokaa yalala. Vipande vikubwa vya mawe havifai. Vyaweza kukaa miaka bila kufanya kazi. Katika mteremko, chimba kwanza mifereji ya kukinga maji, usije ukailisha mto chokaa yako.

Kiasi gani? Hilo hujibiwa na kipimo, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi wahitaji nyingi kuliko wa mchanga. Ukiambiwa tani 2 kwa hekta, usiogope hesabu: ni gramu 200 kwa kila meta moja ya mraba. Kishamba cha meta 10 kwa meta 10 chataka kilo 20. Ikiwa ni chokaa iliyochomwa, nguvu yake ni kubwa zaidi: kama kilo 11 zatosha, na ikiwa imechomwa kisha ikazimwa kwa maji, kama kilo 15. Angalia lakini, chokaa iliyochomwa huunguza mikono na macho; watoto wasiiguse. Wala usiichanganye siku moja na samadi au mbolea ya amonia, kwani naitrojeni itaruka hewani. Utaisikia kwa pua. Na usizidishe ukidhani wingi ni baraka. Chokaa ikipita kiasi, zinki na chuma hufichika, na muwa huugua ugonjwa mwingine.

Tena chokaa si chakula kamili cha mmea. Hufungua mlango tu. Aliyetia chokaa bila samadi wala mbolea amefungua mlango wa ghala tupu.

Tuwatazame jirani. Huko Mumias, magharibi ya Kenya, kiwanda cha sukari kilianza mwaka 1973. Wakulima walipanda muwa juu ya muwa katika mashamba yale yale, wakatia mbolea za naitrojeni miaka mingi. Watafiti waliopima udongo wa sehemu zile walikuta mashamba mengi machachu, wakashauri chokaa. Na mawe ya chokaa yapo Koru, karibu na Muhoroni, katika nchi hiyo hiyo ya miwa! Lakini si kila shamba la miwa lataka dawa hiyo. Kule Kiliba, karibu na Uvira, kiwanda cha sukari kilisimama mwaka 1996 wakati wa vita. Udongo wa bonde la Ruzizi, mahali pengine, una chumvi. Kutia chokaa pale bila kupima ni kutupa mali.

Mtasema, "Sisi tutaipata wapi?" Ni haki kuuliza. Tangu vita vilipofika Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024, wengi wa sehemu zetu walihama mashamba yao, na gunia moja njiani ni mzigo wa mashaka. Basi tuanze na kilicho jikoni. Majivu makavu ya kuni, ambayo hayajanyeshewa, hutuliza uchachu, ingawa nguvu yake mara nyingi ni robo au nusu ya chokaa. Samadi na mboji nazo husaidia kuifunga aluminio. Majani ya miwa yasichomwe ovyo. Yaachwe yafunike udongo. Na chokaa ikipatikana, jamaa kumi wachange, wanunue pamoja, kila mmoja aijaribu katika kipande kidogo, nusu na chokaa, nusu bila. Macho yao wenyewe yatakuwa mashahidi.

Ndugu zetu, ardhi hii tumeachiwa na wazee, nasi tutawaachia watoto. Kabla ya kuiita maiti, tuipime. Kabla ya kumnyoshea jirani kidole, tushike jembe tutazame mizizi. Gunia moja la chokaa laweza kuokoa shamba. Na pengine, kama tulivyoona, laweza kuokoa jina la mama wa watu.