Kalibu, Faiba na Matuta ya Barabarani

Mwandishi wa tawasifu hii aliingia katika kazi ya kurembesha magari akiwa tayari fundi rangi katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, wakati magari yaliyotumika Japani, hasa Toyota Mark II ya GX100 na baadaye Altezza, yalipozagaa mitaani hata kila kijana mwenye gari akataka la kwake litambulike kwa mbali. Njia iliyopendwa ilikuwa kufunga bodikiti, yaani seti ya bampa za mbele na nyuma, sketi za ubavuni na spoila ya juu ya buti, ambayo hutengenezwa na mafundi wasiohusiana na kiwanda cha gari lenyewe na hubadili sura yake bila kugusa injini.

Kwa kuwa seti za kuagiza zilikuwa ghali, fundi huyo alijifunza kuzitengeneza kwa faiba. Kalibu hutolewa kwenye bampa nzima, ikapakwa nta ili kifaa kisinase, kisha jelikoti ambayo ndiyo ngozi ya nje, halafu hutandazwa mikeka ya nyuzi za kioo inayoloweshwa kwa rezini iliyochanganywa na hadina, kemikali ya kugandisha. Hadina huwa kama asilimia 1 hadi 2 tu ya rezini, na katika joto la Februari kipimo kilichofaa asubuhi huigandisha rezini koponi ifikapo adhuhuri, kwa hiyo vipande vikubwa vilimwagwa alfajiri. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu, na kijana yeyote aliyefundishwa naye hakuruhusiwa kushika msasa bila barakoa.

Hata hivyo, umahiri wa kazi hii huonekana kwenye mwanya, ile nafasi nyembamba kati ya bampa, taa na boneti. Bampa hufungwa kwa skrubu chache, ikatazamwa kwa kuchuchumaa usawa wa taa, ikafunguliwa, ikasagwa palipozidi au kuongezwa faiba palipopungua, kisha ikafungwa tena, mpaka mwanya ulingane kutoka pembe hadi pembe, na hapo ndipo puti na praima huguswa. Wateja wengi husifu rangi, ilhali klia ing'aavyo vyote haiwezi kuficha bampa iliyokaa upande.

Mifano ya Japani ilichorwa kwa barabara nyingine. Mdomo wa bampa unaokaribia lami hauvuki matuta ya Dar es Salaam, na faiba, tofauti na plastiki ya kiwandani inayobonyea na kurudi, hupasuka inapogongwa. Mwandishi aliinua mdomo huo, akaacha matundu mapana ya kupitisha hewa ya rejeta, na akafanya ukingo wa chini kuwa kipande cha kufungwa kwa bolti ili kibadilishwe peke yake. Wapo mafundi walioona huko ni kuharibu mchoro. Kwake yeye, gari linalozunguka mtaa mzima kukwepa tuta bado halijapendezeshwa.

Jambo moja halikuwa na mjadala. Nyuma ya bampa kuna mwamba wa chuma unaopokea pigo la kwanza gari linapogongana, na baadhi ya seti haziingii mpaka mwamba huo ukatwe. Seti za namna hiyo zilirudishwa kwenye kalibu zikaongezwa kina kwa ndani, na mteja asiyekubali kusubiri alirudishiwa malipo yake ya awali.