Ordinatere Inajua Namna Gani Iko na Ekrani Ngapi?



Wengi kati yetu wanafikiri kwamba ordinatere inaona ekrani yake sawa vile mtu anavyoona mkono wake. Hapana. Ordinatere haina macho. Inajua tu kile ambacho waya imeijibu. Nimependa kuandika juu ya jambo hili kwa sababu siku moja lilimletea aibu mtoto wa watu.

Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja jina, karani alikuwa akiandika orodha ya wale wenye deni la minervali. Waya ndefu ya projektere ilikuwa ingali imeunganishwa na ordinatere yake. Projektere yenyewe ilikuwa katika chumba cha pembeni, na mule wazazi na wanafunzi walikuwa wakingoja mkutano. Majina yote yalitokea ukutani, kila mtu na deni lake. Karani hakujua kitu; mbele yake mambo yalikuwa sawa na kila siku. Rafiki yangu, ambaye jina lake lilikuwa la tatu, alikaa nyumbani juma nzima. Si deni lililomzuia kuja masomoni, ni aibu.

Hapo njo nilianza kujiuliza: je, programu ya orodha haiwezi kuuliza yenyewe, mbele ya kufungua majina, «Tuko na ekrani ngapi hapa?»

Inaweza. Mwaka 1994 chama cha VESA kilitoa mapatano ili kila ekrani ibebe ndani yake kitu sawa na kadi ya utambulisho. Kadi hiyo inaitwa EDID. Sehemu yake ya kwanza iko na baiti 128: herufi 3 za mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa, upana na urefu kwa sentimita, na mengine. Baiti 8 za kwanza ni alama ya kuitambua: sufuri, kisha 255 mara sita, kisha sufuri tena. Ukijumlisha baiti zote 128, jumla inapaswa kugawanyika kwa 256 bila kubaki kitu. Kama kinabaki kitu, kadi imeharibika njiani.

Katika waya ya VGA, yenye meno 15, mazungumzo haya yanapita kwa jino la 12 na la 15. Katika HDMI, jino la 19 linapiga hodi: linaambia ordinatere kwamba kuna kitu kimechomekwa ao kimechomolewa. Na ordinatere yenyewe inatuma volti 5 kwa waya ili kadi isomwe. Kwa hiyo ekrani inaweza kujibu «Niko hapa» hata kama imezimwa na haionyeshi kitu. Kuunganishwa ni jambo moja, kuwaka ni jambo lingine.

Sasa, wenzangu, sikilizeni vizuri, kwa maana hapa njo penye mtego. Katika Windows kuna swali fepi sana kwa mwandishi wa programu: GetSystemMetrics pamoja na SM_CMONITORS. Linarudisha hesabu ya ekrani. Lakini mwalimu wetu alituuliza: «Kama projektere inaonyesha picha ile ile ya ekrani, jibu litakuwa ngapi?» Tulijaribu. Jibu lilikuwa 1. Kumbe swali lile linahesabu meza za kazi, si vyombo vilivyo kwenye waya. Picha mbili zinazofanana ni meza moja tu. Na katika ofisi ile, picha zilikuwa zinafanana! Programu yenye swali lile ingesema «Hakuna hatari», na majina yangetokea ukutani vilevile.

Inafaa basi kuuliza swali lingine. Tangu Windows 7, ya mwaka 2009, kuna QueryDisplayConfig. Hiyo inaonyesha kila njia inayotoka kwa picha kwenda kwa chombo. Picha moja ikienda kwa vyombo viwili, utaona njia mbili. Katika Linux ni rahisi zaidi: ndani ya /sys/class/drm kila tundu la ekrani liko na faili inayoitwa status. Ikisomeka «connected», kuna chombo; ikisomeka «disconnected», hakuna.

Hata hivyo tusidanganyike. Kuna visanduku vya kugawa picha: waya moja inaingia, mbili ao nne zinatoka. Mara nyingi kisanduku kinaipa ordinatere kadi moja tu, na zile ekrani zingine hazihesabiwi kamwe. Hapo hakuna programu itakayokusaidia. Ni lazima mtu asimame, afuate waya kwa mkono, aone inaishia wapi.

Kwa hiyo wale kati yetu wanaojifunza kuandika programu wakumbuke hili: mashini haisemi uongo, inajibu swali uliloiuliza, si lile ulilokuwa nalo moyoni. Na wale watakaokuwa makarani, wakiwa na majina ya watu mikononi, waangalie kwanza nyuma ya meza yao.



Mwanafunzi wa mwaka wa 6, sehemu ya sayansi